Kwenye daftari la mazoezi, andika na hali ya moyo

Kama unakimbia mbio ndefu na unaandika kilomita zako kila siku, ongeza vitu viwili pembeni: ulilalaje, na umeamka na hali gani. Neno moja linatosha. "Shwari." "Mzito." "Sitaki mtu."

Sisi wakimbiaji tuna kasoro ya kudhani kila kitu kinatibiwa na kilomita kumi zaidi. Mwaka niliokimbia zile 42 za Kilimanjaro Marathon pale Moshi, wiki nzima baada ya mbio nilikuwa nakaa kitandani naangalia viatu mlangoni, vumbi limeganda, sina hamu hata ya kuvipangusa. Nikajiita mvivu. Nilipofungua daftari, kumbe "mzito" ilianza wiki tatu kabla ya mbio, pamoja na usingizi wa kukatikakatika.

Ukiona hivyo, punguza mazoezi kwanza na ule ushibe, maana kujituma kupita kiasi huleta huzuni, hasira na kukosa usingizi. Pima na damu (dada zangu hasa). Upungufu wa madini ya chuma unafanana sana na uvivu. Lakini huzuni ikifika wiki mbili mfululizo, au wasiwasi haukuachii hata umekaa, hilo ni la daktari, si la kocha. Ukianza kuwaza kujidhuru, usihesabu wiki: mwambie mtu leo hii.

Nenda na daftari lako. Litakusaidia pale maneno yatakapogoma kutoka.