Jinsi ya kupata nzi wanaochelewa kuzeeka, kwa njia ya Michael Rose

Watu wengi wakisikia utafiti wa uzee wanawaza dawa. Mwanabaiolojia Michael Rose hakuwapa nzi wake wa matunda dawa yoyote, alichobadilisha ni siku ya kuchukua mayai basi, na vizazi vikaenda nzi wakaanza kuishi muda mrefu. Hii kazi aliianza akiwa kijana anasomea PhD Chuo Kikuu cha Sussex kule Uingereza chini ya Brian Charlesworth, makala yake kubwa ikatoka 1984, alafu akahamia Chuo Kikuu cha California pale Irvine na nzi wake wakawa ndo maisha yake ya kazi. Mi nafundisha baiolojia sekondari na hili zoezi nalipenda kuliko yote, sababu kinachotakiwa ni chupa, ndizi na uvumilivu wa miaka miwili hivi.

Anza kwa kuwakamata. Wale nzi wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi zilizoiva sana. Chukua chupa, tia kipande cha ndizi ambayo ganda limeshapiga weusi, mdomoni chomeka karatasi uliyoisokota kama ile ya kufungia karanga, ncha uikate kidogo, wataingia na kutoka hawajui. Chakula chao pika uji mzito wa sembe, ponda ndizi humo, sukari, hamira, na siki kidogo ya kuzuia ukungu, mimina chini ya chupa, ukipoa ziba na pamba. Kwenye nyuzi 25 yai linakua nzi kamili kama siku 10, ila joto likipita 30 uzazi unashuka kwaiyo tafuta chumba chenye ubaridi.

Usianze jaribio na nzi wa jana. Waache wazoee chupa miezi kadhaa, maana aliyetoka jalalani bado anapambana na mazingira mapya na hayo mabadiliko utayachanganya na ya uzee.

Wakishazoea wagawe makundi mawili, na kila kundi liwe na chupa zake kadhaa ambazo hazichanganyikani kabisa. Kundi la kwanza chukua mayai siku ya 14, wazazi kazi yao imeisha. Kundi la pili mayai yote ya ujanani unatupa, unasubiri siku ya 28 ndo unachukua, vizazi vinavyofuata unasogeza, 35, 42, taratibu mpaka ufike 70 kama Rose alivyofika. Usirukie 70 moja kwa moja, utabaki na majike wawili watatu na ukoo umekwisha.

Kwa nini inafanya kazi? Swali hili wanabaiolojia walishaligusa, Peter Medawar mwaka 1952, George Williams 1957, na William Hamilton akaliwekea hesabu 1966. Chukulia jeni inayomuua nzi siku ya 50. Kundi la kwanza huyo nzi alishaacha watoto siku ya 14, jeni imepita salama, hakuna kilichoichuja. Kundi la pili likishafika ratiba ya siku 70, aliyekufa siku ya 50 hana mtoto hata mmoja, jeni yake imeenda nae. Yaani ukisogeza siku ya kuzaa umesogeza na chujio.

Sasa sehemu inayoharibu majaribio mengi, idadi ya mayai kwenye chupa. Mwaka wangu wa kwanza niliacha chupa nyingine zina mayai 40 nyingine yamefurika, funza wakagombania chakula, wakatoka nzi vijidogo, na majibu yote yakawa hayasomeki, nikarudia upya. Hesabu mayai, kama ni 60 basi 60 kila chupa. Na wazazi wawe mamia, ukiwa nao wachache ndugu watazaliana, watadhoofika, alafu utadhani kundi la pili linaishi sana kumbe la kwanza ndo limechoka.

Kabla ya kupima lea makundi yote kwa ratiba moja vizazi viwili, ili tofauti utakayoiona iwe ya jeni na sio ya malezi ya mama. Rose alikuta nzi wa kundi la pili wanaishi zaidi lakini ujanani wanataga mayai machache, na baadae ikaonekana wanavumilia njaa na ukavu kuliko wenzao. Kwaiyo pima na hayo, usipime umri tu. Mwaka 2010 maabara ya Irvine ilisoma jeni za nzi waliochaguliwa kukua haraka kwa vizazi zaidi ya 600, na hawakukuta jeni moja iliyobeba kila kitu, ni nyingi zimesogea kila moja kidogo. Akija mtu anakuuzia habari ya jeni moja ya uzee mkumbuke hapo.

Kupima kwenyewe ni kila siku asubuhi, unafungua pamba, unatoa waliokufa kwa brashi laini, dume ni yule mwenye ncha nyeusi ya tumbo, unaandika tarehe, jinsia, namba ya chupa. Chakula badilisha kila siku mbili tatu wasije wakanasa kwenye uji na ukawahesabu wamekufa kwa uzee. Endelea mpaka chupa ya mwisho iwe tupu.