Kuandaa kompyuta uliyoiunga mwenyewe kabla ya kuhamia Windows 11

Mwenye laptop ya Dell au HP akitaka kutoka Windows 10 kwenda 11, kiwanda kimeshamrahisishia. BIOS (programu ndogo ya ubao mama inayoamsha mashine) imepangwa tangu inatoka, na draiva zake zote ziko mahali pamoja. Wewe uliyenunua ubao mama duka hili, prosesa duka lile na pawa saplai kwa mtu wa tatu, kiwanda ni wewe. Ndiyo maana kazi kubwa iko kabla ya kubofya kitufe cha kupandisha toleo, na kazi hiyo ina utaratibu wake. Ukiuvuruga, mashine inaweza isiwake kabisa.

Mfano wangu ni mashine ninayohaririia video za harusi hapa Dar: Ryzen 5 2600 juu ya ubao wa B450, ramu GB 16, kadi ya GTX 1050 Ti, SSD ya GB 240 yenye Windows na diski ya TB 1 yenye kazi za wateja.

Anza na prosesa, kwa sababu ikikataliwa hiyo mengine yote hayana haja. Windows 11 inapokea Intel kuanzia kizazi cha 8, na kwa AMD ni kuanzia Ryzen za 2000. Hapo kwenye AMD kuwa makini: Ryzen 3 2200G na Ryzen 5 2400G zina jina la 2000 lakini ndani ni Zen ya kwanza, usanifu wa AMD wa kizazi cha nyuma, na hazimo kwenye orodha ya Microsoft. Njia za kuipenya orodha zipo na watu wanazitumia. Kwa mashine inayokulisha mimi sizishauri, maana Microsoft haikuahidi masasisho. Afadhali ubadilishe prosesa tu. Ubao wa B450 ukishasasishwa BIOS unabeba hata Ryzen 5 5600, na hiyo ndiyo faida ya kuunga mwenyewe. Kama fedha haijakaa sawa, kumbuka kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulifikia kikomo 14 Oktoba 2025, ila mtumiaji wa nyumbani anaweza kujiandikisha kupata masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026.

Kisha nakala rudufu. Hamishia kazi zako kwenye diski ya nje, halafu chomeka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine na ufungue mafaili mawili matatu makubwa. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu. Usisahau fonti ulizonunua, mipangilio ya programu ya kuhariri, na alamisho za kivinjari. Ingia pia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya Activation, uhakikishe leseni imefungwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika

manage-bde -protectors -get C:

na unakili zile tarakimu 48 za ufunguo wa kuifungulia kwenye karatasi. Siyo kwenye faili lililo ndani ya diski hiyohiyo.

Sasa ujue ulichonacho. Bonyeza Windows na R, andika msinfo32. Soma mistari mitatu: jina la ubao mama, BIOS Mode (Legacy, uwashaji wa zamani, au UEFI, wa kisasa unaotakiwa na Windows 11), na Secure Boot State (hali ya ulinzi wa mashine inapowaka). Jina peke yake halitoshi. Fungua ubavu wa kesi, mulika kwa tochi ya simu, utafute maandishi madogo ya rev kwenye ubao wenyewe. Ubao wa jina moja unaweza kuwa na matoleo mawili, na kila toleo lina faili lake la BIOS.

Kusasisha BIOS ndiko kunakotisha watu, na wana haki. Umeme ukikatika katikati, ubao unaweza kufa. Usiguse bila UPS (betri ya akiba) iliyojaa chaji. Lakini usiiruke hatua hii, hasa kwenye AMD: mwaka 2022 AMD wenyewe walikiri kwamba fTPM (TPM ya AMD, yaani hifadhi ya funguo za usalama ambayo Windows 11 inaidai) ilikuwa inafanya baadhi ya mashine zigande kwa sekunde kisha ziendelee, na dawa yake ikaja ndani ya BIOS zenye AGESA 1.2.0.7, msimbo wa AMD unaobebwa na BIOS. Kwa anayehariri sauti na video huo mgando hauvumiliki.

Kabla ya kusasisha, piga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu, kwa sababu baada ya hapo mipangilio yote inarudi ilivyotoka kiwandani. XMP (mpangilio wa kasi ya juu ya ramu) inazimika, ramu inashuka kasi, na hata mpangilio wa diski ipi ianze unaweza kubadilika. Simamisha BitLocker kwa muda. Flashi yenye faili la BIOS iwe imefomatiwa FAT32. Mashine ikiwaka tena, skrini nyeusi inaweza kukuuliza kama uisafishe fTPM: Y ni kusafisha, N ni kuacha. Kama BitLocker imewashwa na funguo huna, usibonyeze Y. Ukiwa na karatasi yako mkononi, huna cha kuogopa.

Tukirudi kwenye Legacy. Kama msinfo32 ilisema hivyo, diski yako huenda ni MBR (mpangilio wa zamani wa vigawanyo), na ukizima CSM (kipengele cha BIOS kinachoruhusu Legacy) sasa hivi Windows haitaonekana. Diski ndiyo inatangulia: igeuze kwanza kuwa GPT, mpangilio unaoendana na UEFI. Kwenye dirisha la amri la msimamizi:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikipita, rudia ukiweka /convert badala ya /validate. Inataka diski isizidi vigawanyo vikuu vitatu. Ikigoma, fungua Disk Management uangalie neno System limekaa diski ipi. Kwenye mashine za kuunga hutokea sana Windows iko kwenye SSD lakini kianzishi kimebaki kwenye diski ya zamani. Hapo usipoteze usiku kwa kuunga-unga: chomoa waya wa SATA wa diski nyingine zote, bakiza SSD peke yake, usakinishe upya.

Ubadilishaji ukifaulu, washa upya, bonyeza Del, zima CSM. Kadi ya michoro ya zamani sana isiyo na UEFI itakupa skrini nyeusi hapa. Weka kadi nyingine, au rudisha BIOS kwenye mipangilio ya mwanzo ukaazime kadi kwanza. Mambo yakiwa sawa, washa fTPM (kwenye Intel inaitwa PTT) kisha Secure Boot. Secure Boot ikionekana imewashwa lakini haifanyi kazi, tafuta kipengele cha kurudisha funguo za kiwandani. Hakikisha kwa tpm.msc: toleo liseme 2.0.

Pakua draiva ya mtandao ya ubao wako mapema uiweke kwenye flashi. Faili la Windows 11 linazidi GB 5, basi nunua bando la kutosha. Ondoa antivirusi ya nje, zima ovaklok (kuendesha prosesa kupita kasi yake ya kawaida), acha XMP imezimwa kwa sasa, na C: iwe na nafasi ya GB 30 hivi. Diski ya kazi za wateja ichomoe waya wake ukiwa umezima umeme ukutani.

Toleo jipya likishaingia, rudisha diski, washa XMP, kisha fungua mradi wako mzito kuliko yote uucheze mwanzo hadi mwisho. Una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia Recovery, ilimradi hujafuta folda ya Windows.old, kwa hiyo usafi wa diski usubiri wiki ya pili.