Kabla ya Kumtafutia Paka wa Mtaani Nyumba: Mambo ya Kuzingatia kwa Sisi wa Lamu

Ikiwa paka amejilaza dakani kwako wiki nzima na moyo umekutuma kumtafutia nyumba, nakuomba usimbebe leo. Yako mambo ya kutangulia, na mengine niliyajua baada ya kuchelewa.

Hakikisha kwanza kwamba hana mwenyewe. Katika mitaa ya Mkomani na Langoni nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na paka huvuka kutoka dari moja hadi nyingine bila kukanyaga chini. Kwa hiyo yule unayemwona mkiwa huenda anakula samaki kwa jirani wa kwanza, analala kwa wa pili, na watoto wa nyumba ya tatu wameshampa jina. Waulize wazee wanaokaa barazani jioni, waulize wachuuzi wa samaki sokoni, na usiwasahau watoto wanaotoka madrasa, maana hao ndio wanaomjua kila paka wa mtaa. Ukibaki na shaka, mvishe shingoni ukanda wa karatasi nyepesi unaochanika upesi, ulioandikwa swali lako na nambari ya simu, kisha ungoje siku 3. Mtazame na masikio pia: ncha ya sikio moja iliyokatwa kwa mstari ulionyooka kwa kawaida ni alama ya daktari wa mifugo kwamba paka huyo ameshahasiwa, wala si jeraha la kupigana.

Chakula hakina maneno mengi: samaki wa kuchemsha asiye na chumvi wala pilipili, na maji safi wakati wote. Maziwa ya ng'ombe uyaache, kwani paka wengi wakubwa huharisha wakiyanywa. Akiumwa, usithubutu kumpa dawa za watu; kidonge 1 cha parasetamoli kinaweza kumuua, na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini nayo ni sumu kwake.

Jambo ninalotaka ulisome mara mbili ni tumbo. Ikiwa paka ni jike, mlaze ubavu umtazame tumboni kabla ya kumtoa mtaani. Mimi sikufanya hivyo. Alikuwa paka wa kijivu mwenye miguu mirefu, wa namna ile ya Lamu ambayo wageni husema inafanana na paka waliochorwa na Wamisri wa kale, mwembamba kiasi cha kuhesabika mbavu, akija mlangoni kwangu alfajiri na magharibi, akila kwa haraka na kuondoka bila kugeuka nyuma. Ile haraka ilitosha kuniambia jambo, nami nikaifanya kuwa ni njaa tu. Nilipompata mama mmoja wa Mokowe aliyekubali kumchukua, nilimtia paka ndani ya tenga, nikalifunika kwa kanga, nikapanda naye boti, na jioni ile nikarudi Lamu nikiwa nimeridhika.

Usiku wa pili bibi wa nyumba ya nyuma alibisha hodi. "Mwanangu," aliniambia, "ndani ya gofu mna sauti kama za vifaranga, na hapa kwetu hakuna afugaye kuku." Tuliingia katika nyumba ile iliyobomoka kwa tochi ya simu. Nyuma ya boriti zilizoanguka, juu ya kipande cha gunia, walikuwamo watoto 3 ambao hata macho hawajafumbua, yaani hawajatimiza wiki 2. Wawili walikuwa wameshapoa. Wa tatu alikuwa akifungua kinywa tu, sauti imemwishia.

Kulipokucha nilivuka tena kwenda Mokowe kumrudisha mama yao, nikaambiwa kwamba alitoka dirishani usiku uleule wa kwanza. Nilizunguka gatini na nyuma ya maduka kutwa nzima, nikimwita kwa mlio aliouzoea, na sikumpata. Alikuwa akitafuta njia ya kurudi kwa wanawe, na katikati palikuwa na bahari.

Yule mmoja alipona kwa sababu bibi huyohuyo alijua paka wa Langoni aliyezaa siku zilezile. Tulimsugua kwa kitambaa alicholalia paka yule, tukamweka katikati ya watoto wake, naye akamlamba kama wa kwake. Usitegemee kupata bahati hiyo. Bila ya mama wa kumnyonyesha, kitoto cha umri ule huhitaji maziwa maalumu ya paka kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana, tena huhitaji joto, na kupanguswa nyuma kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu ndipo aweze kukojoa.

Kwa hiyo tazama chuchu. Za paka anayenyonyesha huwa zimevimba na kuiva rangi, na manyoya yanayozizunguka yamenyonyoka kwa kunyonywa. Nilipoifungua picha niliyompiga kabla ya safari, zilionekana wazi, na mtu yeyote angalizijua lau angalitazama. Ukiziona hivyo, mfuate polepole aendako baada ya kula, mwache awalee mpaka watoto wafikishe wiki 8 kwa uchache, ndipo uwatafutie wote pa kukaa.

La pili nililoligharimia ni dirisha. Mchukuaji na amweke paka katika chumba kimoja kwa wiki 2 hadi 4, chenye chakula, maji, sanduku la mchanga na mahali pa kujificha, hadi harufu ya nyumba imwingie. Wako watakaokataa kumfungia wakikumbuka hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Waeleze kwa adabu kwamba mwanamke yule alimfunga bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini, na kwamba Mtume (S.A.W.), kwa mapokezi ya Abu Qatada, ametufundisha kuwa paka si najisi bali ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani.

Nyumba yenyewe uifikie, usiridhike na maneno ya simu. Uliza kama hutegwa sumu ya panya, kwa sababu paka akimla panya aliyekula sumu, naye huenda akafa; anayetaka paka wa kumalizia panya aiondoe sumu kwanza. Aliyepanga nyumba amuulize mwenye nyumba. Na mgeni aliyekuja kwa msimu, hata akiwa na upendo wa kweli, usimpe, kwa kuwa akishaondoka humwacha paka aliyekwisha kusahau kujitafutia.

Kuhasi usikuahirishe. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4, na hubeba takriban siku 63 hadi 65, kwa hiyo kumgawa bila kumhasi ni kumgawia mwenzako mzigo usioonekana. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza kutolewa akifikisha miezi 3. Akikuuma au kukuparura, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo. Mwenye mimba asishike mchanga wa paka. Mtu mwingine aumwage kila siku, kwa sababu vijidudu vya toksoplasma, vinavyotoka na kinyesi cha paka na vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huhitaji siku 1 au zaidi nje ya mwili ndipo viweze kuambukiza.

Usimhamishe wakati wa Maulidi, mji ukiwa umejaa watu na matari. Usimbebe mikononi ndani ya boti, hata awe mpole namna gani. Usimkabidhi mtoto peke yake, wala mtu uliyekutana naye njiani tu. Mtembelee baada ya siku 3, kisha baada ya mwezi, na uende mikono mitupu, kwa maana akikuona na samaki atakufuata mpaka gatini.