Kupima latitudo ya Mombasa kwa jua, kwa chombo cha mabaharia wa Kireno

Wareno walipokuwa wakishuka pwani ya magharibi ya Afrika, walijua latitudo yao, yaani umbali wao kutoka ikweta kwa digrii, kwa kupima kimo cha nyota ya kaskazini. Walipovuka ikweta katika miaka ya 1470, nyota ile ikazama chini ya upeo wa bahari na likabaki jua. Jua nalo halikai mahali pamoja mwaka mzima, kwa hiyo kipimo chake hakina maana bila jedwali linaloonyesha, kwa kila siku, jua liko digrii ngapi kutoka ikweta. Majedwali ya mnajimu Abraham Zacuto yalichapwa Leiria, Ureno, mwaka 1496, na Julai ya mwaka uliofuata Vasco da Gama akang'oa nanga Lisbon. Kazi ile ile unaweza kuifanya leo Mama Ngina, Mombasa, kando ya bahari, kwa astrolabu ya mbao, yaani duara la kupimia kimo cha jua.

Kata duara la plaiwudi ya milimita 12, lenye nusu kipenyo cha sentimita 28.65. Usikadirie hapa: kwa kipimo hicho kila digrii moja inachukua milimita 5 kamili ukingoni, na unaweza kugawa digrii kwa tepu ya fundi cherehani. Chora robo mbili za juu tu, kulia na kushoto, sifuri ikiwa ubavuni na 90 juu kabisa. Toboa tundu la kuning'inizia kwenye mstari wa 90, na chini, kwenye mstari huo huo, funga uzito wa kilo moja. Hakikisha kwa timazi kwamba uzi unapita juu ya bolti ya katikati.

Mkono wa kupimia ni ubao mwembamba unaozunguka kwenye bolti hiyo. Makosa mengi huzaliwa hapa. Mstari wa kusomea lazima upite katikati ya bolti, si kwenye ukingo wa ubao, kwa hiyo chonga ncha zote mbili zifuate mstari wa kati. Kila upande simamisha kipande cha bati chenye tundu la milimita 3. Matundu yalingane kwa urefu. Yakipishana milimita 2 tu, umeshapoteza karibu robo digrii.

Tundika chombo kwenye miti mitatu iliyofungwa pamoja juu. Taarifa za Kireno zinasema da Gama alifanya hivyo hivyo Novemba 1497, aliposhuka ufukweni kwenye ghuba ya St Helena, Afrika Kusini, na astrolabu ya mbao yenye upana wa shibiri tatu. Juu ya sitaha inayoyumba kipimo kinaweza kukosea digrii kadhaa. Hata nchi kavu upepo wa kusi utakusumbua: tumbukiza ule uzito ndani ya ndoo ya maji, bila kugusa kuta zake, na mtikisiko utatulia. Wareno baadaye walihamia shaba nzito iliyotobolewa ili upepo upite.

Usichungulie jua kwa jicho hata mara moja. Elekeza ukingo wa duara kwenye jua, kisha zungusha mkono mpaka mwanga wa tundu la juu uangukie bati la chini. Utaona doa lenye upana wa milimita saba hivi likicheza. Likilizunguka tundu la chini sawasawa pande zote, soma.

Adhuhuri ya jua Mombasa si saa sita kamili. Mji uko magharibi ya mstari ambao saa zetu zinaufuata, hivyo jua hufika juu kabisa kati ya saa 6:05, mwanzoni mwa Novemba, na saa 6:35, katikati ya Februari. Anza saa sita na usome kila dakika mbili. Namba ikiacha kupanda, geuza duara zima nyuma mbele, soma kwa robo ya upande wa pili, kisha chukua wastani wa namba hizo mbili. Kugeuza huku kunafuta kosa la uzi na la matundu, usikuache.

Hesabu ni fupi. Toa kimo kwenye 90. Tuseme tarehe 1 Julai umesoma 63: inabaki 27. Siku hiyo, kwa jedwali, jua liko digrii 23.1 kaskazini mwa ikweta. 27 kutoa 23.1 ni 3.9 kusini. Tarehe 15 Januari jua liko kusini yetu, digrii 21.2 kutoka ikweta. Ukisoma 73 inabaki 17, na sasa unatoa kinyume: 21.2 kutoa 17 ni 4.2 kusini. Jibu sahihi kwa Ngome ya Yesu ni 4.06. Kosa la digrii moja ni kilomita 111, yaani kujiona Mombasa ilhali uko Tanga.

Januari ndio mwezi wa kuchagua, kwa sababu kaskazi huleta mbingu safi. Kuanzia katikati ya Februari hadi mwisho wa Machi, na katikati ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba, acha kabisa. Jua hupita karibu na utosi na kuhama upande haraka kuliko unavyoweza kuzungusha duara.

Ukitaka kukadiria kimo cha jua siku da Gama alipofika Mombasa, tarehe 7 Aprili 1498, ongeza kwanza siku 9, maana walitumia kalenda ya zamani. Tafuta jedwali la tarehe 16 Aprili; ukitumia la tarehe 7 utakosea zaidi ya digrii 3.