Kabla ya orodha ya wahitimu, omba leja ya stoo

Mchumi mpya anayepangiwa kusimamia programu ya mafunzo wizarani hukabidhiwa jalada nene, bangokitita (jedwali la malengo) lenye viashiria, na simu ya mkurugenzi anayetaka "idadi ya wahitimu kabla ya saa nane". Idadi utaipata. Chuo kitakutumia kwa WhatsApp kabla hujamaliza chai. Lakini idadi hiyo haikuambii kama kijana aliyesomea uchomeleaji anaweza kutengeneza geti ambalo bawaba zake hazitakatika baada ya mwezi. Nipo Dodoma, kwenye dawati la uanagenzi, yaani vijana kujifunza ufundi kwa vitendo, na urasimishaji ujuzi, na haya ndiyo ninayomwelekeza kila mgeni anayeletwa kukaa jirani na meza yangu.

Jua kwanza fedha inatoka wapi. Mwajiri wa sekta binafsi mwenye wafanyakazi kumi au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, ambayo ni asilimia ya jumla ya mishahara anayolipa, na theluthi ya makusanyo huelekezwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Ukienda kiwandani kuomba nafasi za wanagenzi, meneja rasilimali watu ataanza na hilo. Mwache aseme yote. Akimaliza, mwulize anakosa fundi wa aina gani, na jibu lake uliandike kama alivyolitamka. "Nataka mtu anayejua kusoma mchoro" ni taarifa. "Vijana wawe na weledi" si taarifa, ni hotuba.

Halafu soma mkataba na chuo, hasa kiambatisho cha vifaa ambacho hakuna anayekifungua. Kuna mstari unaosema kila mwanagenzi atapewa nini: rodi (vijiti vya kuchomelea) ngapi, mita ngapi za kitambaa, mbao kiasi gani. Unukuu kwenye daftari lako kabla ya safari. Siku ya kuripoti utasaini kitabu cha wageni kwa Mkuu wa Chuo, utapewa soda, utaoneshwa mashine mpya zenye stika ya mradi. Tazama mashine kwa adabu, kisha omba kwenda stoo.

Stoo ndiyo inayosema ukweli, na nitakaa hapo kidogo. Chukua karakana ya kuchomelea yenye wanagenzi 30. Pakiti ya kilo mbili na nusu ya rodi za milimita 2.5 ina rodi zisizofika 150, na rodi moja huungua kwa dakika moja hivi. Leja ikionesha pakiti moja inatoka kila wiki, kila kijana amepata rodi zisizozidi tano. Dakika tano za moto kwa wiki! Kwa miezi sita hiyo ni kama saa mbili, na mwisho wake anakabidhiwa cheti. Hesabu hiyo unaifanya kwa kalamu ukiwa umesimama hapo hapo kaunta, na huhitaji kuwa fundi.

Mtunza stoo kwa kawaida ni mtu mzima, na hapendi kukaguliwa na mtoto wa wizarani. Msalimie vizuri. Mmoja nilimwambia, "Shikamoo mzee, naomba unisaidie nielewe hii leja." Akajibu, "Marahaba mwanangu, leja hii inaeleweka, wasioelewa ni wanaoagiza." Akafungua kabati, akanionesha maombi ya vifaa yaliyorudishwa bila kusainiwa, yamepangwa kwa tarehe. Ningemfokea, nisingeyaona mpaka leo.

Ukitoka stoo, pita karakana uangalie sakafu na pipa la taka. Karakana inayofanya kazi ina vipande vya rodi vilivyobaki, chuma kilichokatwa vibaya, meza zenye makovu ya moto. Kwenye ushonaji, omba cherehani moja ifunguliwe bamba la chini ya sindano: kama hakuna vumbi la nyuzi, haijashona wiki hii. Chuo kidogo chenye mita ya LUKU, omba kumbukumbu za ununuzi wa umeme. Mashine za kuchomelea zinakula umeme sana, kwa hiyo mwezi wa mazoezi na mwezi wa likizo haviwezi kufanana. Vikifanana, uliza, na usitabasamu unapouliza.

Daftari la mahudhurio usiliamini wala usilidharau. Sahihi za mwezi mzima zenye wino mmoja na mkono mmoja utaziona bila miwani. Kinachonivutia zaidi ni mapengo ya kweli. Huku Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, zinaanza kunyesha mwishoni mwa mwaka, na Desemba kijana wa kijijini yuko shamba na wazazi wake. Daftari linaloonesha mahudhurio kamili Desemba na Januari katika chuo cha wilayani lina maswali. Lenye mapengo limeandikwa na mtu mwaminifu, na linakupa hoja ya kupendekeza kozi ianze baada ya mavuno.

Wanaoacha masomo, chuo huandika "utoro". Neno hilo usilipokee. Uliza kijana alikuwa analala wapi, nauli ilikuwa kiasi gani, posho ya mwezi uliopita ilifika lini. Mara nyingi utakuta posho ilichelewa, binti aliyepanga chumba akadaiwa kodi, akarudi kwao na mtoto mgongoni. Huo si utoro. Hilo ni suala la malipo, na malipo yanapita kwetu wizarani, kwa hiyo kwenye ripoti usimbebeshe mkuu wa chuo mzigo ambao si wake.

Kuongea na wanagenzi, omba mkuu wa chuo na walimu watoke. Watatoka, wakinung'unika. Usiulize "Je, mnaridhika na mafunzo?" maana utajibiwa "Ndiyooo" kama darasa la pili. Mpe mmoja kipande cha chuma na umwambie amweleze mwenzake hatua kwa hatua jinsi ya kukifanyia kazi. Dakika kumi za hapo zinatosha.

Orodha yenyewe ichambue ofisini kwa Excel, na ipange kwa namba ya simu, si kwa jina. Majina yanaandikwa kila mtu anavyojua: Emmanuel huku, Emanuel kule, jina la babu limewekwa mbele. Simu haibadiliki herufi. Ukiipanga hivyo utakuta kijana yule yule yuko vyuo viwili, au namba moja inabeba wanagenzi saba. Ipigie. Mara nyingine ni mwenye duka anayewapokelea simu watoto wa mtaa mzima, mara nyingine anapokea karani wa chuo. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ingemaliza ubishi, ila vijana wengi wa miaka 18 bado wanaisubiri, hivyo usimkatae mtu kwa sababu hiyo tu.

Urasimishaji ni kazi nyingine kabisa, na wapya wengi wanauchanganya na mafunzo. Hapa mtu tayari ni fundi, alijifunza gereji au kwa mjomba wake, na VETA inampima ili apate cheti. Hatari yake ni moja: orodha inapita kwa watendaji, na ndugu za watendaji nao wanageuka mafundi. Mimi humtembelea mtu anakofanyia kazi, bila taarifa, na kumwuliza mteja aliyekaa kwenye benchi, "Huyu ndiye fundi wako?" Mteja aliyesubiri gari lake tangu asubuhi hana sababu ya kumsifia mtu bure.

Sehemu ngumu kuliko zote ni baada ya mahafali. Siku ya kwanza ya kozi, si ya mwisho, chukua namba ya kijana, ya mzazi au ndugu, na jina la mtaa. Baada ya miezi sita piga jioni, watu wakiwa wametulia. Ukiuliza "Umepata kazi?" utaambiwa "Bado", kwa sababu anadhani unagawa mitaji, au kwa aibu ya kwamba anauza chipsi. Uliza "Jana ulishinda unafanya nini?" Atakueleza: alisaidia kupaka rangi nyumba, alipewa elfu kumi na tano, kesho anarudi. Mtu huyo ana kazi ya vibarua kwenye fani yake, na bila swali hilo angeingia kwenye safu ya wasio na ajira. Ambaye angeweza kujiajiri akakosa vifaa, mwelekeze kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri kuhusu ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kati ya hizo kumi ni za vijana. Mweleze pia kwamba inatolewa kwa kikundi, asifike pale peke yake akarudishwa.

Kuhusu fedha zinazotoka Mei wakati mwaka wa fedha unafungwa Juni 30: utasukumwa ukubali kozi ya miezi sita ifanyike kwa wiki sita ili bajeti isirudi. Andika pingamizi lako mapema, Februari, ukiona mtiririko wa fedha ulivyo. Juni hakuna anayesoma pingamizi.

Ripoti ya safari peleka kwa dokezo sabili (andiko la ndani la ofisi) la kurasa mbili. Wengi hujaza ukurasa wa kwanza kwa utangulizi unaomkumbusha mkurugenzi programu aliyoianzisha yeye. Anza na unachotaka akiamue: "Inashauriwa malipo ya awamu ya pili kwa chuo yasubiri hadi vifaa vya kiambatisho Na. 2 vithibitishwe kutolewa." Chini yake weka hesabu ya rodi, nakala ya leja na picha ya sakafu. Sifa za mapokezi mazuri ziache kwenye kitabu cha wageni. Kama walikufungia kuku au bahasha ya "nauli", virudishe ukiwa bado pale pale, kwa utani kama unaweza. Posho ya kujikimu umeshalipwa, na masurufu, yaani fedha za safari ulizokabidhiwa, yarejeshe kwa wakati wasije wakayakata kwenye mshahara.

Kabla dokezo halijapanda juu, mtumie mkuu wa chuo rasimu ya matokeo, umpe siku saba ajibu kwa maandishi. Jibu lake liambatishe lilivyo, hata kama limejaa hasira. Wakaguzi wa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wakija mwaka unaofuata, wataanzia kwenye barua hizo mbili, yako na yake, na wewe utakuwa umeshahamishiwa dawati lingine.