Taa za gari zimekuwa njano? Kusugua ni nusu tu ya kazi

Kama usiku unawasha fulu na bado barabara huioni vizuri, kabla hujakimbilia balbu mpya shuka kwanza uangalie kile kioo cha taa chenyewe. Kikishaingia ukungu au njano hata uweke balbu kali vipi, mwanga mwingi unaishia humo humo ndani na unaotoka unatawanyika hovyo unampiga macho anayekuja mbele yako. AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, walipima mwaka 2018 wakakuta taa zilizofubaa vibaya zinatoa kama asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Ndio maana mi hii kazi siihesabu kama urembo.

Tunaita kioo lakini kwenye magari mengi ya siku hizi ni plastiki, polikaboneti. Ni ngumu, kokoto ikiipiga haipasuki kirahisi, ila jua haiwezi. Kiwandani inapakwa ngozi nyembamba ya kuikinga, sasa hiyo ngozi ikichoka inabanduka viraka viraka na plastiki inaanza kuungua na jua, njano hiyo. Kwahiyo kazi yako ni kutoa mabaki yote ya ngozi ya zamani, kuilainisha plastiki, halafu kuivalisha ngozi mpya. Wengi hiyo ya mwisho wanairuka, wakishaona taa inang'aa wanaridhika, baada ya muda mfupi njano hiyooo imerudi na safari hii inakuja haraka zaidi kwa sababu plastiki umeiacha uchi.

Kwanza jaribu hivi, mwagia maji kwenye taa. Ikilowa ikaonekana safi basi tatizo liko juu juu, litatoka. Ikibaki na ukungu vile vile, au unaona matone kwa ndani, usijisumbue na msasa, tatizo liko ndani, huenda maji yanaingia, kaangalie mipira na mifuniko ya nyuma ya taa.

Tafuta msasa wa maji namba 800, 1000, 2000 na 3000 (namba ikipanda msasa ni laini zaidi), tepu ya karatasi ile ya mafundi rangi, kopaundi ya kung'arishia, vitambaa laini, spiriti, na dawa ya kukinga jua ambayo nitaielezea chini. Osha taa kwa sabuni, kausha, halafu zungushia tepu kwenye bampa, boneti na mkono wa pembeni, weka mbili tatu juu ya nyingine maana msasa ukiteleza mara moja tu ushakula rangi ya gari.

Anza na 800 (kama njano ni nyepesi anzia 1000). Maji yawepo muda wote, kwenye msasa na kwenye taa. Sugua kwenda na kurudi upande mmoja bila kukandamiza, utaona majimaji ya njano yanatoka, hiyo ndio ile ngozi. Usihame hapo mpaka majimaji yawe meupe na taa nzima iwe na ufifi unaofanana kila mahali, na mtu akikuona saa hii atadhani umeiharibu kabisa lakini endelea tu. Ukipanda namba geuza mwelekeo, kama ulikuwa unasugua kulala sasa sugua kusimama, hivyo mikwaruzo ya namba iliyopita unaiona na unajua imeisha lini. Mikwaruzo ya 800 ukiiacha, kopaundi haiwezi kuitoa hata usugue mpaka jioni. Hapa ndo pa kuwa na subira.

Sasa kuna njia mbili za kuweka ngozi mpya ya kukinga jua. Ukitumia dawa ya kupaka kwa kitambaa, fika mpaka 3000, piga kopaundi mpaka iwe angavu, halafu futa na spiriti mara mbili kwa sababu kopaundi ina mafuta na dawa haishiki kwenye mafuta. Ukitumia klia ya kopo (vanishi angavu ya kupulizia), ile ya 2K inayochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, ishia 1000 au 2000 kama kopo linavyoelekeza, usipige kopaundi, futa spiriti ipulizie safu nyembamba nyembamba. Klia inadumu zaidi na mi ndio naipendelea, ila hadina yake ina sumu mbaya kwa mapafu, pulizia nje penye hewa na uvae barakoa ya fundi rangi yenye chujio, ya kitambaa haisaidii kitu. Hakikisha imeandikwa inakinga jua. Kisha usiiguse wala kuilowesha siku nzima.

Dawa ya meno inafanya kazi kidogo kwenye ukungu mwepesi, ina chembechembe za kusugua, lakini kinga haina. Dawa ya mbu ya kupaka usithubutu. Ile yenye kemikali ya DEET inayeyusha uso wa plastiki ndio maana unaona imeng'aa ghafla, baadae inafubaa vibaya. Petroli na tina nazo zinaleta nyufa ndogo ndogo ambazo hakuna msasa utakaozitoa.

Ukimaliza paka waksi kila baada ya miezi michache, na maji yakianza kutuama kwenye taa badala ya kuteleza, rudia waksi hapo hapo usingoje njano.