Somo: Kutembelea Dar Ukiwa Umefikia Kigamboni

Kila likizo ikikaribia swali huwa lilelile. Mtu anatoka Songea au Mwanza, amefikia kwa ndugu Kigamboni, anataka kuona jiji, na mwenyeji wake anamwambia ahamie gesti ya Kariakoo ili awe karibu. Karibu na nini? Kigamboni iko ng'ambo tu ya mlango wa bandari. Ukishuka kwenye pantoni upande wa Magogoni, sehemu kongwe kabisa ya Dar es Salaam imeanza palepale, na karibu yote inatembeleka kwa miguu. Aliyefikia Mbezi au Goba ndiye mwenye safari.

Somo hili ni la siku moja kamili, kwa mtu mwenye miguu mizima na bajeti ya kawaida. Mzunguko unaanzia Feri, yaani kituo cha pantoni upande wa mjini, na kuishia hapohapo, kama kilomita tano, kwa hiyo hutapanda gari lolote ukishavuka.

Hatua ya 1: Chagua siku

Jumamosi. Siku za kazi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili na nusu asubuhi, nusu ya Kigamboni inavuka kwenda kazini, na wewe unayekwenda kushangaa majengo huna sababu ya kubanana nao. Jumapili mjini kati kumetulia, lakini maduka mengi yamefungwa na makanisani kuna ibada, huwezi kuingia kuzungukazunguka. Jumamosi asubuhi soko la samaki limechangamka, maduka yako wazi, na pantoni inapumua.

Hatua ya 2: Kuvuka

Fika Feri ya Kigamboni saa kumi na mbili na nusu. Nauli ya mtembea kwa miguu imekuwa shilingi 200 kwa miaka mingi, na malipo getini ni kwa N-Card, kadi ya kuwekea salio. Kama mwenyeji wako anayo, azima uiongezee salio. Vinginevyo nunua yako, utaitumia tena ukirudi.

Geti la chumba cha kusubiri likifunguliwa watu wanakimbia. Usikimbie nao. Wanaowahi viti ni wale wanaovuka kila siku, na safari yenyewe ni ya dakika chache tu. Wewe panda pembeni kwenye reli, upande wa kushoto unapoelekea mjini, ndipo utaona mnara wa Kanisa la Azania na maghorofa yakitokeza juu ya maji. Simu ishike kwa mikono miwili au iache mfukoni. Begi livae kifuani, hasa wakati wa kushuka, maana vibaka wanapenda ule msongamano wa mlangoni kuliko mahali pengine popote.

Hatua ya 3: Soko la samaki, kabla jua halijawa kali

Ukishuka, soko la Feri liko hapohapo kando. Wengi wa wageni hulipita wakiziba pua, na mimi naona wanaacha kitu bora kuliko vyote kwenye mzunguko huu. Nenda kwenye mnada. Dalali anasimama mbele ya meza ya saruji, samaki wamepangwa mafungu: changu, vibua, nguru aliyekatwa mkia, pweza akiwa bado anajikunja. Anaanza bei, anaipandisha haraka mpaka mgeni hasikii kitu, na wanunuzi hawasemi neno. Mmoja anainua kidole, mwingine nyusi tu. Fungu linauzwa kabla hujajua limenunuliwa na nani. Mama mwenye ndoo analizoa, anawapelekea vijana wa kupaa magamba, na kutoka hapo linakwenda kwa wakaangaji wenye makarai makubwa juu ya kuni.

Simama pembeni, usizibe njia ya wabeba ndoo, kwa sababu hawatakuomba samahani. Vaa raba za zamani. Ndala pale zinateleza. Ukitaka kula, chagua samaki wako mwenyewe kwa wakaangaji, uliza bei kabla hajatiwa kwenye mafuta, kisha kaa kwa mama lishe akupe ugali na kachumbari. Ukinywa chai na chapati kwanza halafu samaki saa tatu, hutahitaji chakula kingine mpaka saa tisa.

Hatua ya 4: Kando ya bandari

Toka sokoni, uache Ikulu nyuma yako, ushike barabara ya Kivukoni kuelekea Posta ya Zamani, maji yakiwa kushoto. Kulia kuna majengo ya serikali ya enzi za Wajerumani, yenye baraza pana na kuta nene. Mbele utafika Azania Front, kanisa la Kilutheri (KKKT), kuta nyeupe na mapaa ya vigae vyekundu. Kidogo mbele, kwenye Sokoine Drive, ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu (St. Joseph), lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Likiwa wazi na hakuna misa, ingia ukae kidogo. Vioo vya rangi vya madirishani vinapendeza zaidi asubuhi.

Jirani na hapo kuna Nyumba ya Atiman, ambayo watu wanaipita bila kuijua. Imepewa jina la Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, kisha akatibu watu Karema kando ya Ziwa Tanganyika mpaka uzeeni. Wenzetu wa Katavi na Rukwa, huyo ni wa kwenu.

Endelea mpaka Boma la Kale, kwenye kona ya Sokoine Drive na Morogoro Road. Lilijengwa miaka ya 1860 wakati wa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyetaka kuhamishia shughuli zake huku bara, akafariki mwaka 1870 mji ukiwa haujakamilika. Angalia unene wa kuta za matumbawe na ule mlango wa nakshi. Ndani kuna maonyesho ya historia ya majengo ya jiji, picha za zamani na ramani. Ukiyaona haya kwanza, mitaa utakayopita baadaye utaitazama kwa jicho jingine, kwa hiyo usiyaruke ukidhani ni ya wasomi wa ujenzi.

Hatua ya 5: Samora, mwanzo hadi mwisho

Panda kuelekea Mnara wa Saa, kumbukumbu ya Dar kupewa hadhi ya jiji mwaka 1961. Hapo unageuka na kuishika Samora Avenue yote, kurudi upande wa mashariki. Katikati ya barabara utakuta Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Awali pale palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walipoingia wakaing'oa. Askari huyu ameelekeza singe yake upande wa bandari. Magari yanazunguka pale bila huruma, kwa hiyo picha ipige ukiwa ukingoni.

Njiani mtafute muuza kahawa, yule mwenye birika la shaba lenye makaa chini, anayegonganisha vikombe. Kahawa chungu na kashata, umesimama. Ndiyo pumziko lako la kwanza, maana mpaka hapo jua limeshapanda.

Hatua ya 6: Bustani na Makumbusho

Mwisho wa Samora kuna Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Ni ndogo, ila kivuli chake ndicho utakachokithamini. Karibu yake ni Karimjee, ukumbi ambao Bunge lilikuwa likikutana kabla ya mambo kuhamia Dodoma.

Kisha Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Yalifunguliwa mwaka 1940, na hapa tenga saa mbili. Chukua kitambulisho cha NIDA au chochote cha kuonyesha uraia, kwani kiingilio cha raia ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni. Anza na chumba cha chimbuko la binadamu, chenye habari za fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959. Halafu magari ya viongozi, yakiwemo aliyotumia Mwalimu Nyerere. Uani kuna kumbukumbu ya waliokufa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998, pamoja na mabaki yaliyookotwa pale. Wenye watoto, waandaeni kabla ya kufika hapo.

Hatua ya 7: Kurudi

Kutoka Makumbusho mpaka Feri ni mwendo mfupi. Ukitoka saa tisa au kumi utavuka kwa raha. Siku za kazi, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja jioni umati ni mkubwa, na hapo ni afadhali ukae ufukweni Barack Obama Drive upunge upepo mpaka watu wapungue. Ukishavuka, bajaji za Mji Mwema na Kibada ziko palepale. Kama una nguvu bado, ishia ufukwe wa Mikadi uogelee. Hiyo ndiyo faida ya kulala Kigamboni ambayo mtu wa gesti ya Kariakoo hanayo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mbona Kariakoo umeiruka? Kuja Dar bila kufika Kariakoo ni sawa na kutokuja.*

Nimeiruka makusudi. Kariakoo ni ya kununua, na mnunuzi anahitaji siku yake peke yake. Ukiichanganya na mzunguko huu utaishia kubeba mifuko ndani ya makumbusho. Kama unataka kuona tu, nenda asubuhi ukiwa na hela ya siku hiyo tu mfukoni. Soko kuu lenyewe, lile la miaka ya 1970 lililochorwa na msanifu Beda Amuli, liliungua Julai 2021. Shughuli halisi ziko mitaani, na kila mtaa una bidhaa zake. Muulize mwenye duka, atakuelekeza.

*Shikamoo. Nakuja na mama yangu, ana miaka sabini na magoti yanamsumbua. Hizo kilomita tano ataziweza kweli?*

Marahaba, mwanangu. Hapana, usimtembeze zote. Na pantoni ya asubuhi usimpeleke. Ule msukumano wa getini si wa mtu mzima. Mvushe saa nne, mchukulie teksi kutoka Feri mpaka Makumbusho ya Taifa, mpumzike bustanini, kisha teksi tena mpaka Azania na St. Joseph ambako kuna mahali pa kukaa. Mnada wa samaki mwache, sakafu ni ya maji. Kama ndugu yenu ana gari, piteni Daraja la Nyerere kupitia Kurasini. Gari linalipa tozo, lakini mama atashuka mlangoni.

*Dada anauliza: naruhusiwa kupiga picha wapi? Mwaka jana kuna mtu alifokewa na askari.*

Makanisa kwa nje, Sanamu ya Askari, Mnara wa Saa, Boma, hayo piga. Ikulu usipige hata kwa mbali, na usijifanye unajipiga wewe huku Ikulu ikiwa nyuma. Kwenye bandari na vivuko uliza mlinzi kwanza. Sokoni mwombe mwenyewe mhusika. Wengi watakubali ukinunua kitu, wengine watakataa na wana haki yao.

*Mimi natoka Mbeya kwa basi, nashukia Mbezi Luis usiku na mabegi mawili. Nifikeje Kigamboni?*

Ukifika mchana unaweza kuunganisha usafiri wa umma mpaka Kivukoni, kituo ambacho kiko jirani kabisa na Feri, kisha ukavuka. Usiku na mabegi mawili, usijaribu. Piga hesabu na mwenyeji wako ya teksi ya kupitia darajani, mkubaliane bei kabla hujapakia mzigo. Wanaokuja kwa treni ya SGR kutoka Dodoma au Morogoro wana unafuu, maana stesheni iko mjini, Feri ni karibu.

*Nina siku ya pili. Niende wapi, au nilale ufukweni?*

Nenda Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo. Kina nyumba za asili za makabila mbalimbali, zimejengwa kama zilivyokuwa huko kwao, unaingia ndani unaona kitanda, jiko, ghala. Kimekuwepo tangu miaka ya 1960. Vuka kwa pantoni, tembea mpaka Posta, panda daladala ya Makumbusho. Ukishuka stendi umefika. Ulizia siku na saa za ngoma kabla, bila ngoma kijiji kinapoa. Ukitoka hapo songa mbele mpaka Mwenge kwa wachonga vinyago, angalau uone mpingo unavyochongwa, hata kama hununui.

Jioni shuka Coco Beach ule mihogo ya kukaanga na mishkaki, halafu utembee juu ya Daraja la Tanzanite, lililozinduliwa 2022, kurudi upande wa Aga Khan. Lina njia ya waenda kwa miguu na upepo wa kutosha. Ondoka kabla giza halijashika.

*Na nikichelewa mjini mpaka saa nne usiku?*

Usiku vivuko hupungua na kusubiri hurefuka, kwa hiyo usipange hivyo kama uko peke yako. Ikitokea, kaa karibu na familia au kundi kwenye chumba cha kusubiri, simu mfukoni, na mwambie mwenyeji wako akupokee Feri upande wa Kigamboni. Bodaboda chukua zile za kijiweni, si ile inayokufuata pembeni.

*Naweza kwenda Zanzibar na kurudi siku hiyohiyo kutokea Kigamboni?*

Inawezekana. Boti za mwendo kasi zinatokea Sokoine Drive, mbele ya St. Joseph, na zinachukua kama saa mbili. Lakini utavuka maji mara nne kwa siku moja, na Mji Mkongwe utauona kwa saa chache za jua kali la mchana. Kama hela ya kulala ipo, lala Unguja usiku mmoja. Kama haipo, ahirisha mpaka safari nyingine.